Chai Tuliyoimwagia Radi

Safari ya kutoka Wajir hadi Garissa ilituchukua siku nne, na zote nne nilizimaliza nimekaa juu ya ngozi za ng'ombe. Kama umewahi kusafiri na ngozi zilizotiwa chumvi, rafiki yangu, sina haja ya kukueleza. Na kama hujawahi, sijui nianzie wapi. Nilikuwa na miaka minane. Uhuru ulikuwa umekuja mwaka uliotangulia, na vita vya shifta vilikuja karibu pamoja nao, kwa hiyo malori hayakuruhusiwa kwenda moja moja. Tulisubiri Wajir mpaka yakatimia kumi na moja, kisha askari wakatangulia, wengine wakafuata nyuma, na sisi wa katikati tukala vumbi la wote. Lori moja likikwama mchangani, yote yalisimama. Habaswein tulikwama. Kabla ya Modogashe tulikwama mara tatu. Utingo aliruka chini kila mara na mabamba yake ya chuma ya kutandika chini ya magurudumu, akanitazama kule juu na kuniambia, "Waryaa, mtoto wewe, shuka usukume! Au unadhani sisi ni ngamia wako?" Nilishuka nikasukuma. Mpaka leo naamini kwamba bila mimi lori lile lingekuwa bado pale.

Mama yangu ndiye aliyenituma. Garissa kulikuwa na shule, na kulikuwa na kaka yake, mjomba wangu, ambaye sisi Wasomali humwita abti. Kulikuwa pia na mama yao, bibi yangu, yaani ayeeyo. Juu yake nilikuwa nimeambiwa mambo mawili tu: kwamba miaka yake yote ya ujana ilipita nyuma ya ngamia, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumshinda kwa maneno.

Niliona mlingoti kabla sijaiona nyumba. Lori lilipoingia mjini, juu ya paa za mabati na vichwa vya migunga niliona kitu kirefu chembamba, na juu yake pangaboi la mbao mbili likizunguka kwa upepo, mkia wake mwekundu ukigeukageuka kama wa ndege. Nilimuuliza utingo ni nini. Akasema, "Hicho? Hicho ni wazimu wa abti yako."

Wazimu wenyewe ulikuwa wa afisa mmoja Mzungu aliyefungasha mizigo yake wakati wa uhuru, akaacha vitu ambavyo havikuingia kwenye gari. Abti, aliyekuwa na duka la nguo na sukari, alichukua mtambo mzima: mlingoti, pangaboi, dainamo iliyokaa nyuma ya pangaboi, betri kumi na sita za vioo ndani ya sanduku la mbao, waya, globu tano na redio kubwa yenye kitambaa kifuani. Upepo ulizungusha pangaboi, pangaboi likalisha betri, betri zikawasha globu. Katika mtaa wetu hakuna nyumba nyingine iliyokuwa na taa ya kubonyeza. Jioni ya kwanza nilibonyeza ile swichi mpaka Habaryar, dada mdogo wa mama yangu, akanipiga kwenye vidole. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mcheshi, mwenye mkono mwepesi.

Fundi aliyeusimamisha mtambo alikuwa mtu wa pwani, mnene, mwenye kofia ya kufuma, aliyekuja Garissa kutengeneza mashine za ofisi na hakuacha kuusimulia mji wetu samaki wa kwao. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwake. Abti alikuwa akizungumza naye kwa Kiswahili chake cha dukani, "Banda bole bole, fundi, bole bole," na fundi akajibu kutoka juu ya mlingoti, "Bwana mkubwa, kupanda napanda mimi, pole pole ya nini wewe uliye chini?"

Siku alipomaliza, kabla sijafika, alimkalisha Abti na kumwambia ukweli. Habari hii niliisikia mara nyingi hivi kwamba naiona kama nilikuwapo. "Sikiliza," alisema. "Katika mtaa huu kitu kirefu kuliko vyote sasa ni hiki chako. Radi ikishuka, itaanzia hapa."

Ayeeyo, aliyekuwa akisuka mkeka pembeni, akauliza kwa Kisomali, "Anasema nini?"

"Anasema nyumba itakuwa na mwanga mwingi," Abti akajibu.

"Nimesikia neno radi," akasema Ayeeyo. "Kiswahili sikisemi, lakini masikio ninayo." Ndipo akala kiapo chake, ambacho nilikikuta nyumbani kikiwa kama mtu mwingine wa familia. Siku chuma kile kitakapoleta moto nyumbani kwake, kitashushwa siku hiyo hiyo, naye atarudi kwenye ngamia wake. Nilipofika mimi akaongeza sehemu yangu: "Na huyu mtoto nitampandisha lori nimrudishe Wajir kwa mama yake. Sikumpokea nimchome."

Unaona basi hali yangu. Shule niliipenda tangu siku ya kwanza. Nilipenda taa, nilipenda redio, nilipenda anjera ya Habaryar asubuhi, laini, yenye matundu, imeloweshwa samli na sukari. Na vyote hivyo vilining'inia kwenye mlingoti mmoja.

Fundi alikuwa ametuachia kinga. Waya mnene wa shaba ulishuka kutoka juu ya mlingoti mpaka kwenye fimbo ndefu ya chuma iliyopigwa nyundo mpaka ikazama ardhini, ikazungushiwa makaa na chumvi. "Radi ni mgeni mwenye haraka," alikuwa akisema. "Mwonyeshe mlango, atapita. Ukimfungia, atavunja ukuta." Ila kulikuwa na jambo moja. Ardhi ya Garissa ni kavu kama unga. Chuma kikikaa kwenye udongo mkavu, fundi alisema, ni sawa na mtu aliyesimama juu ya godoro: hajaigusa ardhi. Kwa hiyo chuma kile kilitakiwa kinywe maji kila siku, debe moja.

Debe moja! Maji yetu yalitoka mto Tana, yakaletwa na punda ndani ya mapipa. Ayeeyo alicheka kwanza, kisha akakasirika. "Kuna watu wanatembea siku mbili kukifikia kisima, na mimi ninyweshe msumari?" Kazi ya kumwaga ilikuwa yangu, na kila nilipopita na debe aliniangalia kama mtu anayeona mali ya yatima ikiliwa. Jirani yetu, mama mmoja mwenye watoto tisa na sauti ya kuwatosha wote, alichungulia juu ya ua akaniuliza, "Chuma chenu kimeanza kuota majani? Kikizaa mtuletee."

Suluhu aliileta Ayeeyo mwenyewe. Asubuhi moja alikaa akitazama maji ya udhu yakitiririka kutoka jiwe la kutawadhia, yakipotea kwenye ua bila faida kwa mtu. Akamwita Abti, wakaliinua jiwe lile, wakalihamishia kando ya fimbo ya chuma. "Tunasali mara tano," akasema, "basi nacho kitakunywa mara tano. Wala hakitapata hata tone letu la kunywa." Watu wa nyumbani tulikuwa wanne, wageni hawakukosekana, na baada ya muda wanaume wa mtaani nao walizoea kutawadha kwetu kwa sababu jiwe lilikuwa zuri na kivuli kilikuwapo. Mwezi haukuisha, nyasi zikachipua kuzunguka chuma, kijani kabisa. Mbuzi wa jirani akavunja ua kuzifuata. Jirani alipokuja kumchukua alisimama, akatikisa kichwa. "Wallahi, chuma hiki kiko kwenye udhu kuliko mume wangu."

Nikikumbuka misimu ya mvua ya miaka ile, moyo wangu unacheka. Ayeeyo alikuwa na pua. Anga likiwa bado jeupe, yeye alisimama mlangoni, akavuta hewa, akasema, "Inakuja." Baada ya hapo sauti moja tu: "Waryaa, chuma!" Na kila mtu alikuwa na kazi yake. Abti alikimbilia mlingoti, akavuta mnyororo uliokunja mkia, pangaboi likageuza ubavu kwa upepo na kusimama. Mimi nilishusha swichi kubwa yenye mpini, ile iliyokata nyumba na mtambo, kisha nikauchomoa waya wa redio na kuutupa nje ya dirisha. Habaryar alifunika sanduku la betri kwa ngozi ya ngamia. Ilikuwa marufuku kwa yeyote kulikaribia jiwe la udhu mpaka mawingu yapite. Tuliingia ndani, tukakaa katikati ya chumba mbali na kuta, miguu tumeikunja juu ya mkeka, na Ayeeyo akagawa nyirinyiri kutoka kwenye chombo chake, nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa ndani ya samli, huku mabati yakipigwa na mvua mpaka hatusikilizani. Sikuogopa. Mtu anawezaje kuogopa akiwa na nyama mdomoni na watu wake wote wakigusana naye magoti?

Vita vilikuwako. Jua likizama kila mtu alikuwa ndani, kwa sababu ya kafiu. Kuna mwanafunzi mwenzangu ambaye siku moja dawati lake lilikuwa tupu na mwalimu hakuita tena jina lake. Kuna wakati askari walikuja kuukagua mlingoti, wakidhani ni wa kupelekea habari msituni. Mkubwa wao akapanda, akashuka ameshika kiota cha ndege, akanywa chai, akaenda. Siyasahau hayo. Lakini nikianza kusimulia, kinachotangulia ni siku ya harusi ya Habaryar.

Juma lile njia ya mtoni ilifungwa. Walisema kuna msako, hakuna kuteka maji mpaka itangazwe. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, joto la kukausha mate. Sheikh wa msikiti akakumbusha watu kwamba asiye na maji anatayamamu, anapiga viganja vyake kwenye mchanga safi na kupaka uso na mikono, sala yake inaswihi. Mtaa mzima ukatayamamu. Nasi tukatayamamu. Pipa la mwisho lilitengwa kwa ajili ya kunywa na chai ya harusi, maana kuahirisha hakukuwezekana: bwana harusi alikuwa dereva, na msafara wake ungeondoka kesho yake.

Siku ya nne, alasiri, wageni kama thelathini walikuwa uani na sebuleni. Harusi za wakati ule zilifanywa mchana ili kila mtu awahi kwake. Nyama ya mbuzi ilikuwa imechomwa, tende zimepangwa, na juu ya mafiga matatu palikaa sufuria kubwa ya chai, ile ya kubebwa na watu wawili, ya maziwa, iliki, dalasini na tangawizi, na sukari ya duka zima la Abti. Tone la mwisho la pipa lilikuwa mle ndani. Sheikh alikuwa amefika, ameanza kukohoa ili watu wanyamaze.

Ayeeyo akainua pua.

"Inakuja," akasema. Wageni wakacheka, maana jua lilikuwa linawaka. Hazikupita dakika kumi, upande wa mto ukageuka rangi ya ini, na upepo ukaja na mchanga, ukawavua watu vilemba.

"Waryaa, chuma!"

Abti alikuwa kwenye mnyororo kabla kanzu yake mpya haijaamua kumfuata. Mimi nikashusha swichi, nikatupa waya wa redio. Kisha wageni wakaona kitu ambacho walikisimulia miaka mingi: bibi harusi, mwenye hina mpaka viwikoni, aliyetakiwa asionekane na mtu, akatoka mbio chumbani na ngozi ya ngamia kichwani, akavuka ua katikati ya wazee, akafunika sanduku la betri, akarudi ndani mbio. Hakuna aliyemtuma. Miguu yake ndiyo ilimpeleka.

Ndipo nikalitazama jiwe la udhu. Nyasi zilikuwa za njano. Udongo ulikuwa umepasuka, na kati ya chuma na ardhi palikuwa na mwanya wa kuingiza kidole. Nikaelewa yote kwa mara moja: moto, lori, ngozi za ng'ombe, Wajir. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Ayeeyo! Hatujatawadha siku nne!"

Sheikh akageuka polepole.

"Siku nne?" akauliza.

"Ni tayamamu, sheikh!" Abti akalia kutoka kwenye mlingoti. "Tayamamu! Tumesali, wallahi tumesali!"

Ayeeyo hakuwa na wakati wao. Aliangalia mawingu, akaangalia chuma, akaangalia watu thelathini waliokuwa wakijibana chini ya paa lake la mabati. "Kuna maji?" akauliza.

"Kuna chai," akasema jirani.

Mwanamke aliyeishi maisha yake yote akihesabu maji kwa vikombe alifikiri kwa muda wa pumzi moja. "Shika upande ule," akamwambia jirani. Walijifunga leso mikononi, wakaiinua sufuria, wakaenda nayo ubavu ubavu huku upepo ukiwavuta nguo, na jirani akisema, "Ayeeyo, hata kikombe kimoja? Kimoja tu?" Walipofika, Ayeeyo akasema bismillahi, wakaimwaga yote. Mvuke ukapanda. Udongo ukanywa kwa sauti, nakwambia, kama ngamia. Harufu ya iliki ikajaa mtaa. "Kunywa," akaiambia mbingu au chuma, sijui, "na ukimaliza uende zako." Wakakimbilia ndani, sufuria tupu ikabaki inabingirika uani.

Watu wote tulikaa katikati ya chumba, tumebanana, miguu imekunjwa, sheikh akiwa amebanwa kati ya mashavu ya watoto wawili wa jirani. Nilihesabu ngurumo. Kisha dunia ikawa nyeupe. Sauti haikuja baada ya mwanga, ilikuja pamoja nao, na nywele za mikono yangu zikasimama. Mtoto mmoja akalia, na jirani akamziba mdomo kwa tende. Tukasubiri moshi. Nilinusa kwa nguvu mpaka nikaona kizunguzungu. Nilichonusa kilikuwa chai iliyoungua.

Halafu mvua. Rafiki yangu, mvua ile! Mabati yalimwaga maji kama mifereji, na kila aliyekuwa ndani akashika chombo: sufuria, debe, karai, bakuli la hina. Sheikh mwenyewe alishikilia ndoo chini ya paa, kanzu imemganda mwilini, akicheka kama mtoto wa madrasa. Chai ya pili ikapikwa kwa maji ya mvua, sukari haikutosha, na wote walioinywa waliapa ni tamu kuliko ile ambayo hawakuionja.

Lakini mimi sikunywa. Nilikuwa nikisubiri hukumu. Mvua ilipokatika tulitoka na Abti: ncha moja ya pangaboi ilikuwa imepasuka, waya wa shaba umeweka mstari mweusi kwenye mlingoti, na ule mchanga wa chini umegandamana. Nilipandisha swichi. Globu zote tano zikawaka katika giza lile la mawingu, na wageni wakapiga makofi. Ayeeyo hakupiga. Abti alikwenda kusimama mbele yake, maji yakimtiririka ndevuni.

"Haye, mama. Radi imekuja nyumbani kama ulivyosema."

"Niliapa juu ya radi au juu ya moto?"

"Moto."

"Umeona moto?"

"Sikuona."

"Basi unataka nini kwangu? Mgeni amekunywa, ameondoka." Kisha akaniona nimesimama nyuma ya Abti na mikono yangu kifuani. "Na wewe, uliyenitia aibu mbele ya sheikh, njoo unywe chai kabla haijaisha. Kesho ni shule."

Fundi alipopita juma lililofuata, alikuta siafu na sisimizi wa Garissa nzima wamejipanga kwenye waya wake. Akachutama, akachukua udongo, akanusa. "Nani kaimwagia radi chai?" Tukamweleza. "Ya iliki?" "Ya iliki na dalasini." Alikaa chini akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Basi radi zenu zimeshaharibika tabia. Sasa zitakuja kila saa kumi." Nilipokua, nikasoma kidogo sekondari, niliwauliza watu wanaojua mambo haya kama chai ingeweza kusaidia. Mmoja alisema kidogo. Mwingine alisema tulisalimika kwa sababu swichi ilishushwa mapema. Sibishani nao. Nao hawakuwapo.

Sasa nimepita miaka arobaini, na nimelala katika miji mingi kuliko nguo nilizonazo. Wanaotoka Garissa huniambia kuna nguzo za umeme kila mtaa, na mvua ikianza watu hukaa tu, wakilaani taa zikizimika, hakuna anayenyanyuka kwenda popote. Mlingoti uliuzwa kwa wafua vyuma. Nyasi zile nani atazikumbuka? Sijakutana tena na nyumba ambayo neno moja la bibi kizee lilitosha kuwainua watu wote kwa pamoja, kila mmoja akijua mikono yake iende wapi. Nimeitafuta nyumba hiyo kwa malori na kwa mabasi, na kila ninapofika nakaa miezi michache, kisha nafunga mzigo.

Niliondoka nikiwa na miaka kumi na mmoja. Fundi alikuwa akirudi kwao pwani, akamwambia Abti kwamba kule kuna shule kubwa zaidi na nitakaa kwake na watoto wake. Mama yangu alikubali kwa barua. Asubuhi ya safari lori lilikuwa linapiga honi barabarani, sanduku langu likiwa tayari juu, na viatu vyangu havikuonekana. Tulipindua nyumba. Abti alitafuta mpaka ndani ya sanduku la betri.

Ayeeyo alikuwa amekaa juu ya mkeka wake uliokunjwa, hasuki, hatafuti. "Mtoto hana viatu," alimwambia dereva. "Hawezi kusafiri."

"Ayeeyo, tunakwenda kwa lori, si kwa miguu," dereva akajibu.

"Ayeeyo," akasema jirani kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "hebu simama kidogo tuangalie hapo chini."

"Magoti yananiuma leo."

Magoti yake hayakuwahi kumuuma. Hakuna aliyemwomba tena. Yeye ndiye aliyeapa mara mia kunipandisha lori, na sasa alikuwa amekaa pale kama jiwe, mikono mapajani, ananitazama. Nilipiga magoti nikambusu kiganja. Alinusa kichwa changu kwa muda mrefu, kama anavyonusa mawingu, asiseme anachokipata.

Nilipanda lori miguu mitupu. Bati la sakafu lilikuwa limeshapigwa na jua, na tulivuka daraja la Tana nikiwa nimesimama, nikibadilisha mguu mmoja baada ya mwingine, sitaki kukaa, kwa sababu aliyekaa asingeweza kuona nyuma.